Jinsi ya Kuimaliza RAM Ukiwa Endagikot: Mwongozo kwa Asiyejihadhari

Mwongozo huu ni wa kijana aliyemaliza chuo Dodoma au Dar es Salaam, akarudi nyumbani Mbulu na laptopu ya GB 4, akapata kazi ya kufanyia mbali: kuandika majaribio ya kiotomatiki ya mifumo ya tovuti. Kama ni wewe, karibu kiti. Tunajua umekwisha kuwaeleza wazee wa Endagikot kwamba kazi yako ni kuiagiza kompyuta ifungue ukurasa, ijaze fomu, ibonyeze kitufe, iangalie jibu, kisha irudie hivyo hivyo usiku kucha. Kwamba wewe mwenyewe hugusi kitu. Na kwamba kuna mtu mjini anakulipa kwa hilo. Tunajua pia hawajakuamini, na mama bado anauliza lini utaomba ajira ya ualimu.

Shabaha yetu ni moja. Ifikapo saa nane usiku majaribio yawe yamekufa katikati, skrini imeganda, feni inaunguruma, na wewe usiwe na habari hata kidogo ni nani aliyeshika kumbukumbu yote. Wengi hufika hapo kwa bahati mbaya. Sisi tutakufikisha kwa utaratibu.

Zana kwanza. Anza na Selenium, maana ndiyo ya zamani na mitego yake imekwisha kukomaa. Jason Huggins aliianzisha mwaka 2004 akiwa ThoughtWorks, Chicago. Baadaye ikaunganishwa na WebDriver ya Simon Stewart, na mwaka 2018 W3C, wanaoweka viwango vya wavuti, wakaipitisha WebDriver kuwa kiwango rasmi. Ukipenda za juzijuzi, kuna Puppeteer ya Google ya mwaka 2017, Playwright ya Microsoft ya mwaka 2020, na Cypress. Zote zinaweza kuiangusha laptopu. Zinatofautiana mwendo tu.

Halafu unahitaji mfumo wa kujaribu, na usidhani mambo haya ni ya California peke yake. Zahanati zetu za vijijini hujaza vitabu vya MTUHA, na takwimu zake huishia DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeufanyia kazi kwa miaka mingi hapa nchini. Seva yake imeandikwa kwa Java, sehemu ya mbele kwa JavaScript, na programu yake iitwayo Capture hujaribiwa kwa Cypress. Majaribio yenyewe yako wazi GitHub, anayetaka ayasome. Hivyo tarakimu za kliniki ya mama na mtoto hupita katika msimbo ambao mahali fulani mtu ameukalia usiku akijiuliza kwa nini Chrome imekufa. Mfumo wa mfano wetu ni mdogo kuliko huo na ni wa kubuni: fomu ya ripoti ya mwezi ya zahanati, Java nyuma, JavaScript mbele, na wewe katikati.

Weka vyote kwenye laptopu moja

Windows ikishaamka na kuchukua chake, antivirusi ikachukua chake, na ule ukurasa wa YouTube ulioacha unaimba nyimbo za injili ukachukua chake, katika zile GB 4 hubaki kidogo. Hapo ndipo pa kuwasha hifadhidata ya PostgreSQL, seva ya Java, mhariri wa msimbo ambaye naye ni wa Java, programu ya majaribio, na mwisho Chrome. Usiipe Java kikomo chochote. Java isipopewa kikomo hujiruhusu lundo lake la kumbukumbu (heap) lifike robo ya RAM ya mashine nzima. Seva itajihesabia robo, majaribio nayo robo, na hakuna kati yao atakayemuuliza mwenzake.

Ukiona «OutOfMemoryError: Java heap space», usisome mistari inayofuata. Ongeza kikomo cha lundo, yaani -Xmx, hadi GB 3 papo hapo. Java itanyamaza. Chrome, ambayo haimo ndani ya lundo la Java na haijawahi kuwamo, itakosa pa kukaa. Mashine itaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, kila kitu kitakwenda kwa kujikokota, majaribio yataanza kuchelewa na kufeli kwa sababu ya muda, na wewe utaongeza muda wa kusubiri. Baadaye kidogo utapata «tab crashed». Waandikie wakubwa kwamba tatizo la Java umelimaliza na sasa umegundua hitilafu ya Chrome. Umepata matatizo mawili kwa bei ya moja, na yote yana jina lako.

Asiyetaka kufuata mwongozo huu angeanza kwa kuuliza: kumbukumbu ya nani imeisha? Kwenye kazi hii kuna kumbukumbu za watu watatu, na ujumbe wa kosa humtaja mwenyewe. «Java heap space» ni ya programu ya Java, ama seva ama majaribio yako, angalia imetokea kwenye rekodi za matukio za nani. «JavaScript heap out of memory» ikichapwa kwenye dirisha la amri ni ya Node, ambayo ndiyo inayoendesha Playwright na Cypress. «Session deleted because of page crash» ni ya kivinjari. Na ukiwa kwenye Linux ukakuta neno «Killed» peke yake, au namba ya kutoka (exit code) 137, hapo mhusika hakujifia: kauawa na Linux. Namba hiyo ni 128 ukijumlisha 9, na 9 ni ile ishara ya kuua isiyokataliwa. Linux ikiishiwa kabisa humtafuta wa kutoa kafara, na kwa kawaida humchagua aliyenenepa, si mwenye hatia. Chrome yenyewe huiweka michakato ya kurasa zake mbele kwenye foleni hiyo. Kwa hiyo mara nyingi aliyekufa ni ukurasa wa tovuti na mkosaji yuko hai, anaendelea kula. Amri ya dmesg itakuonyesha nani aliuawa na alikuwa na kiasi gani. Lakini hiyo ni kwa wenye haraka ya kulala.

Ukifungua, usifunge

Hapa ndipo penye utamu, tukae kidogo.

WebDriver ina amri mbili zinazofanana kwa mbali. Ya kwanza, close, hufunga dirisha. Ya pili, quit, hufunga kivinjari chote pamoja na chromedriver, ile programu ndogo inayosimama katikati ikitafsiri amri zako. Tumia close daima. Dirisha litapotea machoni, utaridhika, na nyuma yake chromedriver itabaki imekaa, mara nyingine pamoja na Chrome yake. Kumbuka Chrome si mchakato mmoja: kuna mkuu, kuna wa michoro, kuna wa mtandao, na kuanzia toleo la 67 la mwaka 2018 kila tovuti kwenye kompyuta hupewa mchakato wake kwa usalama. Kivinjari kimoja kilichosahauliwa ni familia nzima.

Kama quit umeshaiandika na hutaki kuifuta, kuna njia za kuhakikisha haifikiwi. Iweke mwisho wa jaribio, baada ya uthibitisho wote. Uthibitisho mmoja ukifeli, mistari ya chini hairuki kuja kukusaidia. Ukiwa na TestNG, ile zana ya kuendeshea majaribio ya Java, iweke kwenye @AfterMethod lakini usiandike alwaysRun = true. Mstari huo mfupi ukikosekana, maandalizi yakifeli na usafi nao unarukwa, na maandalizi hufeli pale hasa Chrome imeshafunguka lakini ukurasa wa kuingilia umechelewa. Na kila ukiona jaribio linasuasua, bonyeza kile kitufe chekundu cha kusimamisha kwenye mhariri wa msimbo. Programu yako itakatwa pale pale bila kuaga, hakuna finally wala usafi utakaopata nafasi, na chromedriver itabaki yatima.

Yatima hao usiwachanganye na wale wanaoitwa zombi kwenye Linux, ingawa kwa ajili ya kupoteza muda tunashauri uwachanganye. Zombi, mwenye herufi Z kwenye orodha ya ps, amekwisha kufa. Hali RAM, ameacha jina tu kwenye daftari kwa sababu mzazi wake hajaja kusaini. Yatima yuko hai, anapumua, anashika mamia ya megabaiti na hana anayemwajibisha. Vijana wengi hukesha wakifukuza zombi na kuwapita yatima mlangoni.

Wanaosema RAM «imepotea» wangeangalia kinachotokea Endagikot baada ya sherehe. Sufuria za kuazima hazirudi zote. Lakini hakuna mtu anayesema sufuria zimeyeyuka, wala hakuna anayekimbilia Karatu kununua mpya kesho yake. Unauliza: ya Mama fulani iko kwa nani? Kumbukumbu ya kompyuta nayo ni hivyo. Kila baiti iko mikononi mwa mchakato fulani, na ndani ya mchakato iko mikononi mwa kitu fulani kinachokielekeza kitu kingine. Swali ni kwa nani, na nani bado ameshika.

Kwa Windows, dawa ya wenye pupa ni kuandika taskkill na kuua kila chrome.exe. Inafanya kazi vizuri sana. Itafunga pia Chrome yako mwenyewe pamoja na barua pepe uliyokuwa unamwandikia bosi. Ua chromedriver.exe na uzao wake tu ukitaka kubaki na barua. Kuna na dawa ya asili: umeme ukikatika na betri yako iwe ndiyo ile isiyoshika chaji, yatima wote huondoka kwa pamoja, bila kubagua. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, hata hivyo, wapo wanaowaacha kwa makusudi, maana laptopu yenye Chrome kumi na mbili hupasha mikono vizuri.

Hata baada ya kuua, kuna mabaki. Kila kikao cha chromedriver huunda folda ya muda ya wasifu wa kivinjari. Kikifungwa vizuri, folda hufutwa. Kikiuawa, hubaki. Zichungulie baada ya mwezi. Kwa Windows utazikuta kwenye folda ya Temp zikianza na jina scoped_dir.

Ongeza vibarua

Majaribio yakiwa ya polepole, yaendeshe sambamba kwa vibarua wengi. Usichague idadi wewe. Acha zana ichague. Playwright huchukua nusu ya viini vya kimantiki vya prosesa. Nodi ya Selenium Grid 4 hukubali vikao vingi sawa na idadi ya viini. Sikiliza vizuri hapo: zote mbili zinahesabu prosesa. Hakuna inayouliza RAM. Laptopu yenye viini vinane vya kimantiki na GB 4 itapewa Chrome nne na Playwright, au nane na Grid, na kila moja imekuja na familia yake.

Ukitumia Java, hifadhi kivinjari cha kila uzi kwenye ThreadLocal, kisha usiite remove. Nyuzi za TestNG hutumika tena na tena, kwa hiyo kila uzi utaendelea kumkumbatia marehemu wake na vyote alivyokuwa ameshika. Ukitumia Playwright, fungua muktadha mpya kwa mkono kwa kila jaribio na usiufunge. Wale wanaotumia ule unaoletwa na zana yenyewe husafishiwa bila kuomba, jambo ambalo linaharibu mwongozo huu.

Anayejali angeendesha Chrome moja kwanza, aone inashika kiasi gani ikiwa kwenye ukurasa mzito kuliko yote, agawe RAM iliyobaki kwa kiasi hicho, apunguze moja. Hesabu ya darasa la nne.

Tunza kila kitu

Piga picha ya skrini kila hatua, si jaribio likifeli tu. Iombe Selenium ikupe picha kama maandishi ya Base64, ambayo ni makubwa kuliko faili lenyewe kwa theluthi moja, kisha yatupie kwenye orodha tuli, ile iliyotangazwa static. Orodha ya namna hiyo haifi mpaka Java yenyewe ife. Ukitaka kwenda mbele zaidi, zifungue picha ili uzilinganishe pikseli kwa pikseli. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na kila pikseli huchukua baiti 4: zaidi ya MB 8 kwa picha moja, hata kama faili lake kwenye diski lilikuwa la KB mia mbili. Picha mia moja na thelathini hujaza GB nzima. Ungeziandika kwenye diski na kuziachia, zisingekusumbua.

Cypress ina mtego wake wa heshima. Yenyewe hukaa ndani ya kivinjari kilekile kinachojaribiwa, na ili uweze kurudi nyuma kuona ukurasa ulivyokuwa kwenye kila hatua, hutunza nakala za ukurasa. Ukiiendesha kwa dirisha wazi hutunza majaribio 50 ya mwisho. Ukiiendesha kwa amri ya run hutunza sifuri. Basi ifungue kwa dirisha wazi, weka majaribio yote ya fomu kwenye faili moja refu, na uende kuchota maji. Wanaopunguza namba hiyo ya numTestsKeptInMemory, au kuligawa faili, au kuwasha experimentalMemoryManagement iliyokuja na toleo la 12.4, watashangaa kukuta kazi imekwisha.

Washa pia rekodi za matukio ya mtandao na usizisome. Chromedriver huzilimbikiza mpaka uzichukue. Usipozichukua, zipo.

Jifungie ndani ya kontena

Hii ni ya wale waliokwisha kufanikiwa kwenye laptopu na sasa wanapeleka majaribio kwenye seva, ndani ya Docker. Seva ina GB 32. Majaribio yanakufa kwa «tab crashed» hata RAM haijaguswa. Wengi huapa kwamba seva imerogwa.

Chrome hutumia eneo la kumbukumbu ya pamoja, /dev/shm, kupitishiana mambo kati ya michakato yake, na Docker kwa kawaida huligawia eneo hilo MB 64 tu, iwe seva ina GB 2 au GB 200. Ukurasa wenye michoro ya takwimu hulimaliza mara moja. Dawa ni kuanzisha kontena na --shm-size=2g, ndivyo wanavyoelekeza watunzaji wa kontena za Selenium. Lakini wewe fuata ushauri wa haraka: ipe Chrome agizo la --disable-dev-shm-usage, ambalo huhamishia mambo hayo kwenye /tmp. Ni sawa kabisa, isipokuwa pale ambapo /tmp nayo imewekwa ndani ya RAM, kama zinavyofanya baadhi ya Linux. Hapo umeitoa RAM kwenye mfuko wa kulia ukaitia wa kushoto, pamoja na zile folda za wasifu zisizofutwa, na kifaa cha kupimia diski kitakuambia diski ni tupu.

Pima vibaya

Kwa Linux, andika free, tazama safu yenye jina hilohilo la free, ona imebaki kidogo, piga kelele. Linux hutumia RAM iliyokaa bure kutunza mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara inapohitajika. Safu ya kuangaliwa ni available. Kisha jumlisha kumbukumbu ya kila mchakato wa Chrome kwa namba ya RSS, upate jumla inayozidi RAM ya mashine yenyewe. Kurasa zinazotumiwa na michakato mingi huhesabiwa kila mara upya katika namba hiyo. PSS ndiyo inayogawana kwa haki, na programu ya smem huionyesha.

Pima mara moja, pima wakati wowote, na tangaza kwamba kuna uvujaji. Java na JavaScript hazizoi taka kila sekunde. Kumbukumbu hupanda, taka zikizolewa hushuka, hupanda tena. Kupanda si ugonjwa. Ugonjwa ni sakafu: pale inaposhuka baada ya kuzoa, kila duru iwe juu kuliko duru iliyopita.

Java ikifa, kuna agizo la -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError linaloiambia iandike lundo lote kwenye faili kabla ya kufa, na Eclipse MAT hulifungua faili hilo na kukuonyesha nani ameshika nini, mpaka jina la ile orodha yako tuli. Kama ulijaribu kwa taarifa halisi za wagonjwa, majina yao na vipimo vyao vimo humo pia, vikisomeka. Asiyejihadhari hulituma faili hilo kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu akiomba msaada. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na haina kifungu cha kusamehe waliokuwa wakitafuta uvujaji wa kumbukumbu. Jaribu kwa majina ya kubuni. Hapa hatutanii.

Ficha ugonjwa wa mteja

Sasa tuseme umekataa ushauri wetu wote. Kila jaribio linafungua kivinjari kipya na kukifunga kwa quit, picha zinakwenda diski, vibarua ni wawili, namba ni za kijani kibichi asubuhi. Unajiona umemaliza. Hongera, maana kosa kubwa kuliko yote hulifanya mtu safi.

Mfikirie anayeutumia mfumo huo kweli. Ni muuguzi au mhudumu wa takwimu kwenye kituo ambako mtandao unakuja kwa kudra na bando linanunuliwa kwa hela ya mtu. Ukurasa ukishafunguka, haufungi. Kuupakia upya ni gharama na ni kamari. Anaufungua Jumatatu asubuhi na anaingiza ripoti mpaka Ijumaa, kwenye kompyuta ambayo huenda ni dhaifu kuliko yako. Kila akihifadhi fomu na kurudi kwenye orodha, ukurasa wako unaacha nyuma kipima muda kimoja cha setInterval cha kuhifadhi kiotomatiki ambacho hakuna aliyekisimamisha, sikio moja la addEventListener kwenye dirisha ambalo hakuna aliyeliondoa, na fomu nzima ya zamani ambayo haionekani tena lakini sikio hilo bado limeishika. Fomu kumi, sawa. Fomu mia mbili, kompyuta inakwama, anaizima kwa kitufe, ripoti ambayo haijahifadhiwa inakwenda. Atakachowaambia wakubwa ni kwamba «mfumo unasumbua». Majaribio yako, yenye kivinjari kipya kila baada ya sekunde thelathini, hayatauona ugonjwa huo hata yakiendeshwa miaka kumi.

Na pale yanapouona, yaani pale mlolongo mrefu wa majaribio kwenye kivinjari kimoja unapokufa, jambo la kwanza tunalofanya wote ni kuweka kivinjari kipya kwa kila jaribio. Majaribio yanapona. Tumenyamazisha shahidi.

Dawa yake haina urembo. Pembeni ya majaribio yale mafupi, andika moja refu linaloishi kama muuguzi: kikao kimoja, kivinjari kimoja, fungua fomu, hifadhi, rudi kwenye orodha, rudia. Zungusha mara chache kwanza ili ukurasa upashe moto, maana mzunguko wa mwanzo hupakia vitu ambavyo ni halali vibaki. Baada ya kila duru, iamuru Chrome izoe taka kwa HeapProfiler.collectGarbage, kisha soma namba tatu ambazo Puppeteer huzitoa kwa page.metrics: Nodes, JSEventListeners na JSHeapUsedSize. Megabaiti huchezacheza. Idadi ya masikio haichezi. Ikiwa kila kufungua fomu kunaongeza masikio manne na hayapungui, hakuna cha kubishana, na ripoti yako ya hitilafu inaandikika kwa sentensi moja ambayo mwandishi wa msimbo hawezi kuikwepa.

Kumjua mshikaji mwenyewe, tumia picha za lundo ndani ya zana za wasanidi za Chrome. Piga moja, rudia kitendo mara 7, piga ya pili, rudia tena mara 7, piga ya tatu. Saba si uchawi. Ni namba isiyotokea ovyo, hivyo kitu kilichoongezeka kwa 7 au 14 kinajitaja chenyewe. Tafuta neno Detached kwenye orodha, utaona vipande vya ukurasa vilivyokwisha ng'olewa lakini havijaachiwa, na chini yake mlolongo wa nani amevishika. Mara nyingi ni mstari mmoja: removeEventListener iliyosahauliwa, clearInterval isiyoandikwa, au useEffect ya React isiyorudisha funksheni ya usafi.

Nunua RAM

Imebaki njia ya mwisho, inayopendwa na wote. Panda basi kwenda Arusha, nunua kipande cha GB 8, rudi. Kabla ya kuondoka hakikisha hujaangalia kama laptopu inatumia DDR3 au DDR4, maana safari ya pili ya Arusha nayo ina mandhari yake nzuri ukishuka ukingo wa Bonde la Ufa.

RAM ikiingia, majaribio yatakufa saa kumi na moja alfajiri badala ya saa nane usiku. Kinachoongezeka bila kikomo hukizuii kwa kuongeza chombo, unakiahirisha tu. Lakini ikiwa umekwisha kumjua kila mshikaji, yatima hakuna, sakafu haipandi, na bado Chrome mbili halali hazitoshi kwenye GB 4, basi hapo RAM inastahili hela yako: nunua. Yule muuguzi, lakini, usimshauri anunue. Kwake rekebisha ukurasa.